Muulize Mama Afande: Mbwa wa polisi hosteli aje kufundisha, asije kutega

Shikamoo Mama Afande. Mimi ni mlezi wa hosteli ya chuo kimoja hapa Njiro, Arusha. Tunao wanafunzi wapatao mia mbili, wasichana jengo lao na wavulana jengo lao. Muhula huu nimekuwa nikikuta harufu ya bangi ngazini usiku, na akina mama wa usafi wameokota karatasi tupu za vidonge nyuma ya mabafu. Sipendi kuona mtoto wa mtu anafukuzwa chuo. Nimefikiria tuwaite polisi waje na mbwa wa kunusa, vijana wapate elimu ya dawa za kulevya kwa kitu cha kuona kwa macho, maana kwenye semina za ukumbini wanasinzia. Mkuu wetu amekubali, ila anataka siku hiyohiyo mbwa apitishwe vyumbani vijana wakiwa uwanjani. Naanzia wapi, na hilo la mkuu unalionaje?
Mlezi, Njiro

Marahaba mwanangu. Wazo lako ni jema na nakuunga mkono. La mkuu wako nalipinga, na nitaanza nalo kwa sababu likipita, mengine yote ninayotaka kukueleza hayatakuwa na kazi.

Mbwa anayekuja kufundisha ni mgeni wa wanafunzi. Mbwa anayekuja kupekua ni askari kazini. Ukiwaita vijana uwanjani wapige makofi huku mbwa mwingine anapita chini ya vitanda vyao, umewatega, na watajua kabla jua halijazama. Kuanzia siku hiyo, yule kijana aliyekuwa anazungukazunguka mlango wa ofisi yako akitafuta namna ya kukwambia kwamba vidonge vimemshinda, hatakuja. Mimi ujana wangu umeishia kwenye Kikosi cha Mbwa na Farasi. Nimepekua mabasi, maghala na nyumba za watu, na ninaamini upekuzi una kazi yake. Lakini una siku yake na taratibu zake. Hapa kwetu, ukiacha mambo ya dharura, askari anayeingia kupekua makazi ya mtu awe na idhini ya maandishi kutoka kwa mkuu wa kituo, awepo shahidi asiye polisi, kinachochukuliwa kiandikwe na kutiwa saini, na mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake. Marekani jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu. Polisi wa Florida walimpeleka mbwa aitwaye Franky kwenye kibaraza cha nyumba bila hati, naye akaashiria mlangoni. Mwaka 2013 majaji wakaamua kwamba kule kumpeleka kibarazani anuse, peke yake, tayari ni upekuzi. Sheria zao ni zao, ila mweleze mkuu wako kisa hicho. Kwa muda wote mwanafunzi anaokaa pale, chumba kile ndicho nyumba yake.

Kisha mkumbushe na hili. Askari akikuta dawa za kulevya hana ruhusa ya kukukabidhi wewe ili mlimalize kifamilia. Atakamata, ataandika jalada, na kijana atalala kituoni. Wewe umeniandikia kwamba hutaki kumpoteza mtoto wa mtu. Basi usifungue mlango ambao huwezi kuufunga tena.

Sasa, kuanza. Barua isiandikwe na wewe. Iandikwe na Mshauri wa Wanafunzi au mkuu wa chuo kwenye karatasi yenye nembo, iende kwa Kamanda wa Polisi Mkoa kupitia kwa Mkuu wa Polisi Wilaya, nakala kwa Mkaguzi wa Polisi wa kata yenu. Nakala nyingine ipeleke kwenye Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya 2015 na ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapohapo Arusha. Elimu kwa vijana ni sehemu ya kazi yao, hivyo huwaombi hisani. Ndani ya barua andika waziwazi: maonyesho na elimu, si upekuzi. Taja idadi ya wanafunzi, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, na namba ya simu ya mtu mmoja tu wa kuwasiliana naye. Peleka mapema, mwezi mzima kabla au zaidi. Ukitaka iangukie karibu na tarehe 26 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kuwa siku ya kupiga vita dawa za kulevya, anza mapema zaidi, kwani wiki hiyo kila mtu anawataka.

Baada ya kuipeleka, usikae ukisubiri. Barua hulala kwenye faili. Nenda ofisini, muulizie afisa wa Polisi Jamii, kaa naye mzungumze. Na ujiandae kwa siku ambayo mbwa hatakuja, kwa kuwa akiitwa kwenye tukio ataenda kwenye tukio. Watu wa Mamlaka na mwuguzi wakiwepo, shughuli iendelee bila yeye.

Mahali pa kufanyia pana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Tafuta majani au udongo mgumu wenye kivuli. Lami na zege la saa nane mchana huunguza nyayo za mbwa, na mbwa aliyepata joto anahema mdomo wazi. Akihema hivyo hanusi vizuri, utamlaumu bure. Saa kumi na nusu jioni ni wakati mzuri kwa Njiro. Weka ndoo ya maji safi. Mbwa wa walinzi, ambao najua Njiro kila geti linao, wafungwe mbali. Spika za muziki zizimwe mbwa anapoingia. Zungusha kamba, watu wakae hatua kadhaa nyuma yake, na asiwepo mtu wa kumpapasa mbwa mpaka mwenye mbwa aseme. Usipange aonyeshe kwa saa nzima. Nusu saa inatosha, baada ya hapo pua nayo huchoka.

Na hili lishike kuliko yote ya uwanjani: mabegi ya wanafunzi yasiwepo karibu. Tangaza siku tatu kabla, tangaza na asubuhi ya siku yenyewe, kwamba watu waje mikono mitupu. Mbwa hajui kwamba leo ni maonyesho. Akipita kando ya begi la kijana lenye msokoto, atafanya alichofundishwa mbele ya watu mia mbili, na hapo elimu imekwisha, imebaki pingu.

Utakachokiona kitakuwa hivi. Askari atapanga masanduku au mabegi yake mwenyewe kwa mstari. Ndani ya moja kuna sampuli iliyotoka ghala la polisi, imepimwa ilipotoka na itapimwa ikirudi. Chuo hakitoi sampuli. Nimewahi kusikia kiongozi wa wanafunzi mwenye nia njema akijitolea "kutafuta kidogo mtaani kwa ajili ya mazoezi". Hilo ni kosa la jinai hata kama moyo wako ni mweupe. Mbwa atapita mstari ule mkia ukicheza, halafu ghafla pumzi itabadilika, ataganda au ataketi na kukodolea sanduku moja. Mbwa wangu wa mwisho, Bosi, alikuwa akiketi huku sikio moja limelala, na nililisoma sikio lile kuliko nilivyosoma kitu kingine chochote. Hapo askari hurusha mpira, na mbwa huushangilia kama mtoto aliyeona mzazi karudi na mkate. Vijana watapiga kelele. Waache wapige.

Usipuuze suala la dini. Kwa wenzetu Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Binti anayesimama mbali na kushika nguo yake hamwogopi mbwa, anatunza swala yake. Zungumza mapema na viongozi wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, usifanyie karibu na msikiti wala njia ya kwenda kuchukua udhu, usiguse saa ya Alasiri, na kamba ile iwaweke mbali watu wote, ili asionekane mmoja peke yake. Wapo pia waliowahi kung'atwa utotoni. Mahudhurio yawe ya hiari, bila kuita majina.

Hayo yote ni ya mbwa. Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ninapoona shughuli nyingi zikipotea. Mbwa anakusanyia watu, basi. Akishaondoka umebakiwa na kama dakika arobaini za masikio yaliyo wazi, na vyuo vingi huzitumia kuwatisha vijana. Picha za maiti, hotuba za "mtakufa", orodha ya vifungo. Marekani walijaribu njia ya kumpeleka polisi darasani kwa ukubwa ambao sisi hatuwezi kuufikia. Mpango wa D.A.R.E. ulianza Los Angeles mwaka 1983, ukaenea nchi nzima, na watafiti walipofuatilia wanafunzi wale wakakuta tofauti ndogo sana kati yao na wenzao wasiofundishwa. Hata mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu kinga unaeleza kwamba kutisha na kutoa taarifa pekee hakumkingi mtu. Nakwambia haya nikiwa askari. Nimeyaona mwenyewe kwa vijana niliowakamata: hofu huisha wiki ya pili, tatizo linabaki.

Kwa hiyo baada ya mbwa simamisha watu wawili. Wa kwanza awe mtu aliyepona, kutoka nyumba ya upataji nafuu, zile tunazoziita soba. Asisimulie vituko vya kijiweni. Asimulie alivyoanza, arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ilivyokuwa, na nani alimshika mkono. Wa pili awe mwuguzi wa afya ya akili. Vijana waandike maswali kwenye vikaratasi bila majina, vitumbukizwe kwenye boksi, naye ayajibu yote hadharani, hata ya kipuuzi.

Maswali yatakayotoka nayajua. Wataulizia mirungi, kwani wapo wanaotoka Kenya, upande wa pili wa Namanga na Holili, ambako inauzwa sokoni kihalali, na hawajui kwamba wakivuka nayo mpaka ni dawa ya kulevya sawa na bangi mbele ya sheria yetu. Wataulizia biskuti na keki zenye bangi, zinazopanda taratibu hata mtu akadhani hazijafanya kazi, akaongeza, kisha akaharibikiwa usiku. Wataulizia tramadol, ambayo ni dawa halali ya maumivu hospitalini, ila ikinywewa hovyo huleta uraibu, degedege, na pumzi kukata hasa ikichanganywa na pombe. Mtu atauliza kuhusu vidonge vya kukesha wakati wa mitihani. Hilo lipewe muda, kwa sababu wengi mlangoni hapo ndipo wanapoingilia. Hawakutafuta kulewa, walitafuta kufaulu.

Kisha isemwe ahadi. Kabla ya siku hiyo, kaa na mkuu na Mshauri wa Wanafunzi mwandike na kutia saini jambo moja: mwanafunzi atakayekuja mwenyewe kuomba msaada kabla ya kukamatwa atapelekwa kwa mwuguzi, hatapelekwa kamati ya nidhamu. Wakikataa kusaini, usiitamke, maana ahadi ya uongo ni mbaya kuliko kunyamaza. Wakisaini, isomwe uwanjani na mkuu kwa kinywa chake, ibandikwe kila korido pamoja na namba 119 ya Mamlaka, ambayo ni bure.

Mwisho kwako, walete na wenye nyumba wa jirani na mwenyekiti wa mtaa. Wanafunzi wengi wanaishi mageto, na sheria inamgusa pia mwenye nyumba anayeruhusu nyumba yake itumike kwa dawa. Wengi wao hawalijui hilo.

Mama, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili hapa Moshi. Mwenzangu wa chumba anavuta bangi ndani usiku na nguo zangu zinanuka. Nimesikia polisi wanaweza kuja na mbwa. Mbwa akikaa mbele ya kitanda changu, mimi ndiyo nimekwisha?
Mwanafunzi, Moshi

Marahaba mwanangu. Mbwa akiketi mbele ya kitanda chako anasema "hapa pana harufu". Hasemi ni ya nani wala ya lini. Harufu hushika kwenye godoro na pazia muda mrefu baada ya kitu chenyewe kuondoka, na mbwa mzuri ataiashiria kwa uaminifu kabisa. Kinachokutia hatiani ni kitu kinachopatikana, na nani alikuwa nacho.

Napenda mbwa kuliko wengi wenu mnavyodhani, na kwa sababu nawapenda sipendi wasingiziwe uwezo ambao hawana. Huko New South Wales, Australia, ofisi ya kusikiliza malalamiko ya wananchi ilipitia kazi ya mbwa wa kunusa mitaani na kwenye vituo vya treni. Taarifa yake ya 2006 ilionyesha kwamba kati ya watu walioashiriwa na mbwa, waliokutwa na dawa walikuwa asilimia 26 tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapeleka askari 18 na mbwa wao kupekua kanisa lisilokuwa na dawa hata chembe, ila wakawaambia askari kwamba zipo, na sehemu nyingine wakaziwekea alama. Askari wengi walisema mbwa wao wameashiria, hasa penye zile alama. Mbwa humsoma aliyemshika kamba. Ukikaza mkono, ukisimama kidogo, ameshajua unataka nini. Tulifundishwa kutembea kwa mwendo uleule mstari mzima kwa sababu hiyo, na askari asiyelizingatia hilo anamwonea mbwa na anamwonea raia.

Lakini usilale ukitegemea hilo. Zungumza na mwenzako kwanza, mchana, akiwa timamu, mkiwa wawili. Mwambie unamjali na hutaki kufungwa naye. Asiposikia, andika barua ya kuomba kuhamishwa chumba, ubaki na nakala yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa. Si lazima umtaje, andika kwamba moshi unakudhuru. Usimtunzie begi. Usimbebee kifurushi, hata cha kufikisha stendi tu, hata akikwambia ni nguo za dada yake. Nimewakamata vijana kwenye mabasi waliokuwa hawajui walichobeba, na ilikuwa kazi ngumu sana kwao kulithibitisha hilo. Na mwenzako akikwambia kwamba angependa kuacha ila anashindwa kulala akiacha, huyo amekuomba msaada. Mpeleke kitengo cha afya ya akili, pale hospitali ya Mawenzi au KCMC, na uende naye mpaka mlangoni.

Afande, ni kweli mbwa hawa hupewa unga kidogo ili wazoee, ndiyo maana wanautafuta?
Kijana wa Usa River

Si kweli mwanangu, na uwaambie wenzako. Mbwa akila unga anaweza kufa, na ndiyo maana sampuli za mazoezi hufungwa vizuri ili harufu itoke yeye asiifikie. Anachotafuta ni mpira wake, au kitambaa alichozoea kuvutana nacho. Amefundishwa tangu mdogo kwamba penye harufu ile mpira hutokea. Kwake ni mchezo, na ndiyo maana tunachagua mbwa asiyechoka kucheza: Labrador, Spaniel, German Shepherd, Malinois. Mwanadamu ana vipokea harufu kama milioni 5 puani, mbwa ana zaidi ya milioni 200, na anaweza kuvuta harufu mpya huku akitoa pumzi kupitia mipasuko ya pembeni mwa pua.

Na wewe wa Usa River una bahati. Mradi wa mbwa wa African Wildlife Foundation ulioanza mwaka 2014 ulijenga kituo chake cha mafunzo hapohapo kwenu. Mbwa wake hufundishwa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kisha hupelekwa bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Njia ya kuwafundisha ni ileile ya mpira, kilichobadilika ni harufu tu. Ukiipenda kazi hii kupitia polisi, utaanzia depo, pale Shule ya Polisi Moshi, kama nilivyoanzia mimi, na baadaye ndipo uombe kikosi cha mbwa. Jiandae kuamka saa kumi na moja alfajiri kuosha banda kabla hujagusa kamba.